Sura ya Saba: Maungio

Ganda la injini ya Yamaha DT 175 limepasuliwa kwa wima, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, na kati ya nusu hizo kiwanda hakikuweka karatasi yoyote. Alumini inakutana na alumini. Kinachozuia upepo kupita ni utando mwembamba wa gundi, na uhai wa pistoni unategemea utando huo. Fundi anayeifungua injini hii katika kata ya Nyambureti, Wilaya ya Serengeti, atapima ringi, atabadilisha bearingi, atatafuta sili mpya, na kila kimoja kati ya hivyo kina namba yake na kipimo chake. Akifika kwenye kufunga, hakuna namba ya kumwongoza. Anabaki na nusu mbili mikononi na swali moja: apake nini?

Nimeipa gundi sura nzima kwa sababu nimeona injini nyingi nzuri zikifa kwa ajili yake. Bearingi mpya, pistoni mpya, silinda iliyochongwa vizuri mjini, kisha wiki mbili baadaye pikipiki inarudi imenoki, na lawama zinakwenda kwa aliyeuza pistoni.

Siku hizi barabara za Wilaya ya Serengeti, kutoka Mugumu hadi kata za pembeni kama Nyambureti, ni za Boxer, TVS na Sanlg. Kanuni za leseni za bodaboda za mwaka 2010 zilikuta pikipiki hizo za Kihindi na Kichina zimeshaingia kwa wingi. Kabla ya hizo, mngurumo uliojulikana vijijini ulikuwa wa Yamaha DT, Suzuki A100 na Honda CG125: pikipiki za mabwana shamba, mabwana mifugo, mapadri na walimu wakuu. Nyingine bado zipo. Zimeegemea ukuta wa ghala, matangi yamepata kutu, lakini ukizungusha kiki unasikia bado kuna ubano. Pikipiki hizo zinafufulika, na ninaamini kwa moyo wote kwamba zinastahili kufufuliwa. Tatizo ni kwamba ganda la injini zake halipatikani tena kirahisi. Pistoni utaagiza. Ganda lililokwanguliwa vibaya halina mbadala.

Mafundi wa zamani walijifunza kazi yao katika miaka ya uhaba. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka nchini, na vipuri vikatoweka madukani mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Katika miaka hiyo gasketi ilikatwa kutoka kwenye boksi la kadibodi, ikagongwagongwa ukingoni kwa nyundo ndogo ili ijikate yenyewe, ikalowekwa kwenye oili, ikafungwa. Aliyekuwa na rafiki seremala aliomba shelaki kidogo. Siwezi kuusema ustadi huo kwa dharau. Lakini ulituachia mazoea ya kuamini kwamba chochote kinachonata kinatosha, na mazoea hayo sasa yamehamia kwenye tyubu ya silikoni.

Ili kuona kwa nini hakitoshi, inabidi tuangalie kinachopita mlemle ndani. Katika injini ya mipigo minne kama Honda CG125, ganda la chini ni chombo cha oili. Likivuja, utaona doa chini ya pikipiki, utaongeza oili, utaendelea na safari. Katika injini ya mipigo miwili kama DT, chumba cha krenki ni pampu. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta. Pistoni ikishuka, mchanganyiko huo unabanwa na kusukumwa juu kupitia milango ya ubavuni mwa silinda. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, maungio ya ganda yanavutwa kwa ndani na kusukumwa kwa nje mara 100 kila sekunde. Petroli iliyochanganyika na oili inayalamba muda wote.

Maungio hayo yakiwa na tundu, hewa inayoingia haikupita kwenye kabureta. Haina petroli, na kwa kuwa haina petroli haina oili pia, maana katika injini hii oili ya pistoni huingia pamoja na mchanganyiko huo. Moto unakuwa mkali zaidi na ulainishaji unapungua, vyote kwa wakati mmoja. Pistoni ya alumini inapanuka kuliko ukuta wa chuma wa silinda, inakwaruza, inashika. Dalili huja mapema kwa anayezisikiliza: unaachia mafuta lakini injini inaendelea kulia juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka, au asubuhi inanguruma polepole vizuri na mchana inapanda yenyewe. Wengi hukimbilia kufungua kabureta. Kabureta haina kosa.

Sasa twende dukani. Silikoni iko katika karibu kila duka la vipuri Mugumu na Tarime, nyekundu, nyeusi na kijivu, na bei yake ni ndogo. Ni gundi nzuri mahali pake. Kifuniko cha bati kilichopinda kidogo, pengo pana, upande wa pili oili tu: hapo silikoni inafanya kazi ambayo nyingine haziwezi. Lakini petroli inaivimbisha na kuilainisha, na hilo peke yake linatosha kuiondoa kwenye chumba cha krenki cha mipigo miwili na kwenye bakuli la kabureta.

Kuna sababu nyingine, na hii inaihusu hata CG125. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa. Inayobinywa kuelekea nje inakauka, na inayobinywa kuelekea ndani inakauka vilevile, ikining'inia kama mnyoo kwenye ukingo. Siku moja mnyoo huo unakatika. Katika CG125 unasafiri na oili mpaka kwenye chujio la pampu, unaziba sehemu, na oili inayopaswa kupanda kwenye hedi inapungua. Nimefungua injini ambayo chujio lake lilikuwa limejaa vipande vyekundu, na mwenyewe alikuwa amebadilisha oili kwa uaminifu kila mwezi. Katika mipigo miwili kipande hakina chujio la kukizuia. Kinapanda na mchanganyiko kwenye milango ya silinda na kukutana na pistoni.

Kabla ya kununua silikoni yoyote kwa ajili ya chuma, inuse. Ile ya madirisha na vioo hutoa harufu ya siki inapokauka, kwa sababu ni asidi ya siki hasa inayotoka, na asidi hiyo hula shaba na chuma. Ya injini haipaswi kunuka hivyo. Rangi haikuambii kitu cha kuaminika. Kila kiwanda kina rangi zake.

Gundi ambayo Yamaha yenyewe iliiuza kwa maungio haya ni Yamabond namba 4, ya kijivu, inayotengenezwa na kampuni ya ThreeBond ya Japani. Haikauki kabisa. Kiyeyusho chake kinaruka hewani kwa dakika chache, kisha inabaki na unyumbufu kidogo, kwa hiyo mtetemo wa injini hauivunji na petroli haiiharibu. Inayobinywa ndani inabaki utando laini badala ya donge. Kwa DT inayofungwa Nyambureti, hii ndiyo ninayoichagua kwanza, yenyewe au nyingine ya aina yake kutoka kiwanda kinachoaminika. Haiko katika kila mji. Mtu atatuma Mwanza au Kariakoo, au atavuka Sirari na kuagiza kwa anayekwenda Kirinyaga Road, Nairobi. Tyubu moja inafunga injini kadhaa, kwa hiyo mafundi wawili watatu wanaweza kuchangia, ila kifuniko kirudishwe haraka kila mara.

Ya pili ni gundi inayokauka ikikosa hewa. Ilitoka kwa Vernon Krieble, profesa wa kemia katika chuo cha Trinity mjini Hartford, Marekani, ambaye mwaka 1953 alipata njia ya kuifanya gundi ibaki kimiminika maadamu inaguswa na hewa, na igande ikibanwa kati ya vyuma viwili. Kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo Loctite. Ukinunua chupa yake ukaikuta haijajaa, hujapunjwa: nafasi ile ya hewa ndiyo inayoizuia isigande humo chupani. Uzuri wake kwa injini uko wazi. Inayobinywa ndani au nje ya maungio haigandi, inabaki majimaji, na oili au petroli inaisafisha. Hakuna mnyoo. Lakini inataka nyuso zilizochongwa sawasawa na pengo dogo sana, si zaidi ya robo ya milimita kwa zile za maungio bapa, na kwenye alumini inachukua muda mrefu kuliko kwenye chuma cha kawaida. Iache ilale usiku kucha kabla ya kupiga kiki. Isipakwe juu ya gasketi ya karatasi, maana si kazi yake.

Shelaki nayo inastahili neno lake. Inatoka kwa mdudu mdogo wa India anayeacha utomvu kwenye matawi ya miti, na maseremala huiyeyusha kwa spiriti. Pikipiki za Uingereza za zamani, kama BSA Bantam iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, zilifungwa ganda bila karatasi kama hii DT yetu, na shelaki ilikuwa moja ya vitu vilivyotumika kwenye injini za enzi hiyo. Ina kasoro: ikikauka ni ngumu, na mtetemo wa miaka unaweza kuipasua. Lakini petroli haiiyeyushi, wala oili. Kwa hiyo fundi wa mwaka 1982 aliyefunga DT kwa shelaki ya seremala alichagua vizuri kuliko fundi wa leo anayeifunga kwa silikoni ya dirisha, ingawa wa leo ana duka lililojaa bidhaa mbele yake. Ipo pia Hylomar ya bluu, iliyozaliwa kwenye kazi za injini za ndege za Rolls-Royce. Haigandi kamwe, na inafaa kwa anayejua atafungua tena karibuni.

Na kama siku hiyo dukani kuna silikoni tu? Nitasubiri. Pikipiki iliyosimama miaka kumi na tano inaweza kusimama wiki mbili zaidi.

Nimesema kwamba ganda la DT halina karatasi. La CG125 linayo, na hapo ndipo kosa la pili kwa ukubwa linapofanyika. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, iliijenga kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo na kusahauliwa kubadilishwa oili, na katikati ya nusu mbili za ganda iliweka gasketi. Gasketi hiyo inazuia oili, lakini pia ni kipimo. Unene wake umehesabiwa katika nafasi ambayo krenki na mihimili ya gia inacheza kushoto na kulia. Fundi asiyeipata, akaamua kufunga kwa gundi tupu, amezisogeza nusu mbili karibu kuliko zilivyokusudiwa. Injini itafungika. Gia zitakuwa nzito, bearingi zitabanwa kwa ubavu, na joto litaanza mahali ambapo hakuna anayeangalia. Akikata ya boksi nene, amefanya kinyume chake. Nunua karatasi ya gasketi yenye unene uleule wa ile ya zamani. Pima kipande cha zamani kwa kalipa mahali kilipobanwa, si kwenye ukingo uliovimba.

Chini ya silinda ya DT kanuni ni hiyohiyo, na matokeo yake unayasikia barabarani. Gasketi nene inainua silinda nzima. Milango inafunguka mapema kuliko ilivyochorwa na ubano unapungua. Pikipiki inawaka, inatembea, lakini mlimani na mtu nyuma inachoka, na mwenyewe anaambiwa kwamba injini imezeeka. Weka karatasi yenye unene sahihi, na kama nyuso ni safi usiongeze gundi yoyote. Kwenye hedi, ambapo gesi inayoungua inapita nyuzi 2,000, gundi haina nafasi kabisa. Silikoni nyingi za injini zinavumilia nyuzi 250 hivi. Gasketi ya shaba iliyotumika inaweza kupashwa moto mpaka iwe nyekundu na kuzimwa majini: inalainika tena na kukubali sura ya hedi.

Gundi bora kuliko zote haitaokoa uso mbaya. Maganda mengi ya zamani yanayonifikia yana alama za bisibisi kwenye ukingo, mahali ambapo mtu alitaka kuzitenganisha nusu mbili kwa haraka. Bisibisi ikiingia kwenye alumini inainua ukingo upande mmoja na kuchimba upande wa pili. Nusu hizo hutenganishwa kwa kifaa cha kuvutia kinachofungwa kwenye matundu ya ganda lenyewe, pamoja na moto kidogo na nyundo ya plastiki au mbao. Gundi ya zamani iloweke kwa thina, isubiri, kisha ikwangue kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki. Kazi hii inachosha, nami sijui njia ya kuifupisha bila kuharibu.

Ukimaliza, laza kila nusu juu ya kioo kinene cha dirisha. Ikicheza, tafuta kilichoinuka. Pitisha jiwe la kunolea lenye oili kwa wepesi mpaka kilichoinuka kitoweke, na uishie hapo, maana kila unachopunguza kinapunguza ile nafasi ya mihimili. Kisha chunguza mikwaruzo kwa jicho na kucha. Mkwaruzo unaokwenda sambamba na ukingo unaweza kuishi nao. Unaokata kutoka ndani hadi nje ni barabara ya hewa, na hakuna gundi ya maungio iliyokusudiwa kuuziba. Ujaze kwa gundi ya chuma ya tyubu mbili, iache igande kabisa, kisha usawazishe kwa jiwe.

Kupaka kwenyewe ni kwa dakika chache. Nyuso zote mbili zifutwe kwa thina na kitambaa kisichoacha nyuzi, na zisiguswe tena kwa vidole vyenye oili. Paka nusu moja tu, kwa kidole, utando ambao bado unaiona alumini chini yake, ukizunguka kila tundu la bolti na kukwepa matundu ya oili ya bearingi. Hakikisha pini za kuelekeza zipo. Nyingi hupotea wakati wa kuosha. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa kupishana, kwa awamu mbili au tatu. Bolti za milimita 6 kwenye alumini zinataka nyutoni-mita 8 hadi 10, yaani nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Mtu anayekaza kwa mkono mzima anachana nyuzi, na nyuzi zikichanika maungio hayakazi tena hapo. Baada ya kukaza, zungusha krenki na mhimili wa gia kwa mkono. Kimojawapo kikiwa kizito, gonga ganda kwa nyundo ya mbao mpaka kilegee, na kama hakilegei fungua sasa, gundi ikiwa bado mbichi.

Usiwashe kabla ya kupima. Mipigo miwili inapimika kwa upepo, na kifaa chake kinaweza kutengenezwa kijijini. Ziba mlango wa moshi na mlango wa kabureta kwa mpira wa tyubu na vibati, ukiacha mpira mmoja wa kupitishia upepo. Kwenye mpira huo funga pampu ya mkono na saa ya mashine ya kupimia shinikizo la damu iliyochakaa, ile yenye mshale. Saa hiyo huishia kwenye 300, na milimita 300 za zebaki ni sawa na baa 0.4, kiasi ambacho mafundi wa injini hizi hutumia duniani kote. Pampu mpaka hapo, funga, ngoja dakika tano au sita. Mshale ukisimama, kazi imekubali. Ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote na utazame mapovu.

Mara nyingi mapovu hayatatoka kwenye maungio. Yatatoka nyuma ya magineti, upande wa kushoto, kwenye sili ya krenki. Sili ya kulia, iliyo upande wa klachi, haionekani ikivuja hewa. Inafyonza oili ya gia, na utaijua kwa moshi mweupe usiokwisha na oili ya gia inayopungua bila doa chini. Sili hizo ni mpira, zinakauka kwa kukaa miaka, na kwa pikipiki iliyosimama muda mrefu zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima. Watu wamefungua na kufunga ganda mara tatu kwa gundi tatu tofauti, wakati ugonjwa ulikuwa kwenye sili.

Mapovu yakitoka kwenye maungio yenyewe, fungua, safisha nyuso zote mbili mpaka chuma, uanze upya. Kupaka silikoni kwa nje juu ya mahali panapovuja ni tabia iliyoenea Mara nzima, na kwa mipigo miwili haisaidii: shinikizo linaibandua kutoka ndani, na kinachobaki kinaficha tundu kwa yule atakayelitafuta baadaye.

Kisha andika. Kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kiti, pamoja na kadi ya pikipiki: gundi gani ilitumika kwenye ganda, gasketi ya chini ya silinda ina unene gani, sili zilibadilishwa lini. Atakayeifungua injini hii miaka minane ijayo huenda asiwe wewe. Shelaki ataiachisha kwa spiriti, ya kijivu kwa thina, na ile ya Krieble kwa moto kidogo na kugongagonga. Asipojua ni ipi, atachukua bisibisi.